Jino Jeupe, Pembe Nyeupe

Msimu wa harusi ukikaribia kusini mwa jimbo la Maniema, Kongo, vitenge hushonwa, nywele husukwa, hina hukorogwa, na nyuma ya nyumba huwa kuna mtu anayesaga makala. Hayaendi jikoni. Huyasaga yakawa unga, akatia chumvi kidogo, akachovya kidole na kusugua meno mpaka fizi zichonyote. Kesho yake kila mkono utakuwa na simu na kila simu ina kamera, na hakuna anayependa kubaki kwenye picha za watu akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Wamaza, kwenye njia za Kasongo na Kabambare, si mahali pa kukuta kiti cha daktari wa meno chenye taa ya buluu. Katika ripoti yake ya afya ya kinywa ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilihesabu madaktari wa meno wa kanda ya Afrika kuwa takriban 3 kwa kila watu 100,000, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia, na wengi wa hao wachache wako mijini. Kasongo yenyewe ina sifa katika tiba ambayo vijana wengi hawaijui: mradi wa afya ulioanza huko mwaka 1971 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp uliandikwa na kusomwa duniani kote kama mfano wa kupanga vituo vya afya vya vijijini. Lakini kituo cha kijiji, hata kiwe kizuri namna gani, hung'oa jino lililooza na kutoa dawa ya maumivu. Rangi ya jino si kazi yake.

Kwa hiyo kazi hiyo imebaki kwa mchuuzi. Bidhaa hupanda pikipiki na baiskeli, hupita kwenye matope, hufika zimepauka kwa vumbi: dawa za meno zenye picha ya tabasamu na ahadi ya siku saba, pakiti za bikabonati, makala ya dukani yaliyotiwa kwenye kikopo kizuri, na chupa ndogo ya maji ya oksijeni ambayo farmasia huiuza kwa ajili ya vidonda. "Yaya, wiki moja tu utaniambia," mchuuzi atamwahidi mteja, na kesho kutwa yeye yuko soko lingine.

Katika vyote hivyo, ni kimoja tu kinachobadilisha rangi ya jino lenyewe. Vingine hukwangua tu. Na hicho kimoja ndicho kinachotumiwa ovyo kuliko vyote.

Jino la mtu mzima mwenye afya halikuumbwa jeupe pe. Ganda lake la nje, enameli, ni gumu kuliko mfupa lakini hupitisha mwanga, na chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina umanjano. Rangi tunayoiona ni dentini ikichungulia kupitia enameli. Umri ukienda, enameli hulika, dentini huongezeka unene, na jino hukolea. Meno ya utotoni ni meupe zaidi, ndiyo maana mtoto wa miaka saba anayeota meno ya ukubwani huonekana kama ana meno machafu akiyaweka karibu na yale ya zamani. Mama asiyejua hilo humwandama mtoto kwa mswaki bila sababu.

Kutokana na hapo, msomaji ameshaona kasoro ya makala, majivu na mchanga. Vitu hivi ni msasa. Huondoa doa la chai na la tumbaku kwa kweli, na mtu hujiona kwenye kioo akafurahi. Akiendelea miezi na miaka, msasa huo hula enameli, na enameli haina chembe hai za kuirudisha, ikiondoka imeondoka. Kinachobaki ni dentini kuonekana zaidi. Aliyekuwa anautafuta weupe anaishia na umanjano, tena na ganzi kila anywapo maji baridi. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti zote zilizokuwapo kuhusu dawa za meno za makala, na waandishi wake hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba zinang'arisha wala kwamba ni salama. Makala ya kikopo kizuri na makala ya jikoni ni ndugu.

Ndimu ni mbaya zaidi, ingawa ina harufu ya usafi. Enameli huanza kuyeyuka pH ya kinywa ikishuka chini ya 5.5 hivi, yaani asidi ikizidi; maji ya ndimu yako karibu na 2. Anayesugua meno kwa ndimu na chumvi analainisha ganda kwanza kisha analikwangua, na ile ganzi anayoisikia usiku ni jino likimjibu. Bikabonati peke yake ina unafuu. Ni laini, haina asidi, hutoa madoa ya juu juu, na viwanda vingi huitia kwenye dawa zao. Ikitumiwa mara moja moja kwa mkono mwepesi sina ugomvi nayo.

Wala sina ugomvi na mti. Kusini mwa Maniema ni nchi ya misikiti ya zamani, na mswaki wa mti ni sehemu ya ibada kabla ya kuwa sehemu ya urembo. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii huuchukia kwa mfungaji baada ya jua kupinduka, jambo ambalo huzua mjadala mtamu kila Ramadhani. Mti wenyewe wa mswaki hupenda nchi kavu kama Turkana na Dodoma, haupendi misitu yetu, hivyo unaouzwa Kasongo umesafiri. Wasioupata hukata kijiti cha mpera au mlimau na kukitafuna ncha mpaka kiwe brashi. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi ya vijiti hivi mwaka 1986. Hutoa ukoga, hupunguza madoa, na kama havikusukumwa kwa nguvu kwenye fizi haviharibu. Ila ugaga ulioganda kwenye shina la jino hautoki kwa kijiti wala kwa brashi. Huo hukwanguliwa na mwenye vifaa, na mara nyingi mtu anayedhani anahitaji kung'arishwa meno anahitaji kukwanguliwa ugaga tu.

Hiyo ni habari ya kusafisha. Kubadilisha rangi ni habari nyingine, na hapa Maniema ina historia ambayo wachache wameihusisha na meno ya watu.

Pembe ya ndovu ni jino. Ni jino la mbele la juu lililorefuka, na karibu yote ni dentini, ile ile yenye umanjano iliyo ndani ya jino la binadamu. Mwishoni mwa miaka ya 1860 wafanyabiashara kutoka Ujiji walivuka wakaingia Maniema na kukuta pembe ambazo wenyeji hawakuzipa thamani ya fedha. Mmisionari Livingstone alipofika Kabambare mwaka 1869 misafara ilikuwa imeshatangulia. Baada yake mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao, na mji ukakua kwa pembe na kwa watumwa mpaka ulipotekwa na askari wa Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda wao Dhanis, Aprili 1893. Pembe zilibebwa mabegani mwa watu hadi Ujiji, Tabora na Bagamoyo, zikavushwa hadi Unguja, ambako Wamarekani walikuwa na konseli tangu 1837 na maajenti wao walikuwa wanunuzi wakubwa.

Zilienda wapi kutoka hapo? Sehemu kubwa iliishia kwenye vijiji viwili vya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako kampuni za Pratt, Read na Comstock, Cheney zilitengeneza vibao vya piano. Pembe ilipasuliwa vipande vyembamba sana. Lakini pembe mbichi ina rangi ya siagi, na wanunuzi wa piano walitaka weupe. Kwa hiyo vipande viliroweshwa kwenye haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile iliyo kwenye chupa ya maji ya oksijeni, kisha vikalazwa kwenye nyumba ndefu za vioo zilizoelekezwa kusini ili jua livipige kwa wiki kadhaa, vikigeuzwa huku na huku. Peroksaidi na mwanga, juu ya dentini. Kliniki ya leo inayotangaza ung'arishaji kwa taa ya buluu inafanya kazi ya babu zake wa Connecticut, na sehemu ya meno yaliyong'arishwa kule yalitoka huku kwetu. Vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya biashara hiyo havikuandikwa kwenye piano yoyote.

Tofauti ni kwamba pembe ilikuwa imekufa. Haikuwa na fizi wala mshipa, na mwenyewe hakuwapo kulalamika. Jino la mtu ni hai. Peroksaidi ina molekuli ndogo. Hupenya enameli na dentini na kufika kwenye moyo wa jino kwa dakika chache. Huko njiani huvunja zile chembechembe za rangi zilizonasa, na hapo ndipo jino linapong'aa kweli. Lakini pia huuchokoza mshipa. Ganzi ya siku mbili tatu baada ya kung'arishwa ni jambo la kawaida kabisa, na kwa kawaida huisha yenyewe.

Njia ya nyumbani inayoheshimiwa na madaktari ilipatikana kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa kunyoosha meno wa Arkansas, Bill Klusmier, alimwambia mgonjwa mwenye fizi zilizoumia atie dawa ya vidonda kwenye kifuniko cha plastiki alichokuwa akivaa usiku. Fizi zilipona, na meno yakawa meupe. Dawa ile ilikuwa kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10. Ilichukua miaka ishirini hivi kabla ya madaktari wa meno Van Haywood na Harald Heymann kuiandika kitaalamu, mwaka 1989, na tangu hapo imebaki kipimo ambacho njia nyingine hulinganishwa nacho: kifuniko laini kilichofinyangwa kwa umbo la meno ya mtu mwenyewe, jeli kidogo ndani, kuvaliwa usiku kwa wiki mbili au zaidi.

Sasa hesabu inayowapoteza watu. Kabamaidi ya asilimia 10 hutoa haidrojeni peroksaidi ya kama asilimia 3.5. Chupa ya maji ya oksijeni ya farmasia iliyoandikwa volyumu 10 ina asilimia 3. Zinakaribiana sana, na mjanja yeyote atauliza kwa nini asijisukutue na chupa hiyo akaokoa faranga zake. Jibu ni kwamba jeli hukaa juu ya jino na kutoa nguvu yake polepole, wakati maji hukimbilia kwenye fizi, kwenye ulimi na tumboni, na jino hubaki na sehemu ndogo. Ili maji yafanye kazi ya jeli itabidi yakae mdomoni kwa muda ambao ngozi ya mdomo haitauvumilia. Nalo tatizo la pili ni namba. Wasusi hutumia peroksaidi ya volyumu 20, 30 na 40, ambazo ni asilimia 6, 9 na 12. Msichana anayeazima chupa ya saluni, akasoma 30 bila kujua ni 30 ya nini, anaweza kutoka na fizi nyeupe badala ya meno meupe: ngozi iliyoungua.

Kwenye kliniki nguvu huwa kubwa zaidi, asilimia 25 hadi 40, ndiyo maana daktari hufunika fizi kwanza na hamwachii mteja chupa aende nayo. Saa moja au mbili kwenye kiti, na tofauti inaonekana. Taa ya buluu inapendeza kwenye tangazo, lakini tafiti nyingi hazikuona kwamba inaongeza jambo la kudumu. Sehemu ya weupe wa siku ya kwanza hutokana na jino kukauka, na maji yakirudi rangi hushuka kidogo. Ulaya imeweka mpaka: tangu mwisho wa Oktoba 2012 bidhaa zenye peroksaidi ya zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 huuzwa kwa madaktari wa meno tu, daktari ndiye huanza matumizi, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi. Dawa ya meno ya dukani inayoahidi weupe, kwa maneno mengine, mara nyingi haina cha kutosha cha kufanya ilichoahidi; inakwangua tu kwa ustaarabu.

Mwenye uwezo wa kufika Bukavu, Goma, Lubumbashi au Dar es Salaam na kumwona daktari aanze kwa kuuliza habari za matundu. Peroksaidi ikiingia kwenye jino lililotoboka, maumivu yake si ya kusimuliwa. Ajue pia kwamba kiraka na kofia ya jino havibadiliki rangi, hivyo aliyeziba jino la mbele anaweza kujikuta na meno meupe yenye kiraka cha manjano katikati. Na weupe wenyewe hurudi nyuma baada ya mwaka, miwili au mitatu, mapema zaidi kwa mvuta sigara na mnywa chai ya rangi. Mimi ningelipia kuziba tundu kabla ya kulipia weupe, lakini sijawahi kuwa bibi harusi.

Weupe, hata hivyo, si kipimo cha tangu na tangu cha jino zuri. Wazee wa sehemu nyingi za Kongo walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na jino lisilochongwa ndilo lililoonekana halijakamilika. Wazungu waliopita Maniema waliandika habari hizo kwa mshangao, huku baadhi yao wakiwa na vinywa vya kusikitisha. Livingstone mwenyewe alimweleza binti yake Agnes kwa barua jinsi meno yalivyomvunjika kwa kutafuna mahindi magumu. Mwaka 1904 Ota Benga, kijana kutoka Kongo, alipelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis, na watu walilipa senti tano kuyaona meno yake yaliyochongwa. Mwaka 1906 akawekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Baadaye, huko Lynchburg, Virginia, meno yale yale yalivishwa kofia ili afanane na wengine. Alijiua mwaka 1916. Japani nayo wanawake wa heshima walipaka meno rangi nyeusi kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipowakataza watu wa tabaka la juu mwaka 1870.

Nirudi kwa madoa, kwa sababu yapo ambayo hayatoki kwa makala, kwa ndimu wala kwa wiki mbili za jeli. Jino moja lililogeuka kijivu baada ya kuanguka na pikipiki huwa limekufa ndani. Hilo hutibiwa kwa kusafisha mshipa na kung'arishwa kutokea ndani. Madoa ya kahawia na mabaka meupe kwa mtu aliyekulia karibu na volkeno, kama kandokando ya Nyiragongo au Maji ya Chai kule Arusha, hutokana na floraidi nyingi kwenye maji utotoni, zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo. Kung'arisha kwa peroksaidi huweza hata kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi kwa muda. Mtu wa namna hiyo akiambiwa hapigi mswaki anaonewa.

Doa linalotuhusu zaidi huku ni la dawa. Tetrasaiklini ni antibiotiki ya bei ndogo, na kapsuli zake za rangi mbili, nyekundu na njano, zimezunguka kwenye trei za wachuuzi kwa miongo: kwa kuhara, kwa kikohozi, kwa kidonda hata hufunguliwa na unga wake kunyunyizwa. Dawa hii hunasa kwenye kalisiamu ya jino linalojengeka. Mama akiimeza katika nusu ya pili ya mimba, au mtoto akipewa kabla ya kufika miaka minane, meno yake huota na mikanda ya manjano ambayo jua huigeuza polepole kuwa ya kahawia au ya kijivu. Wataalamu walilijua hilo tangu miaka ya 1950. Mtoto hana kosa, mama hakuambiwa, na mchuuzi hakusoma karatasi, kama ilikuwapo.

Kijana wa namna hiyo anaweza kusugua makala miaka kumi bila kuigusa rangi yenyewe, maana iko ndani ya dentini. Haywood na wenzake walijaribu jeli yao kwa wagonjwa wa tetrasaiklini na wakapata mafanikio, lakini kwa kuivaa kila usiku kwa miezi sita. Mikanda ya ncha za meno hufifia vizuri zaidi. Ile iliyo karibu na fizi, hasa ya kijivu, hubaki ikionekana hata baada ya miezi hiyo, na hapo kilichobaki ni kuvisha meno maganda ya kauri, moja moja, kwa bei ya kila jino.